Vyeo vya walimu wa Lamu vinapotelea kwenye makaratasi

Kwa Mhariri,

Mazungumzo kuhusu bidii ya walimu katika kaunti yetu ya Lamu huishia kwenye mambo mawili: mshahara mdogo na usalama. Yote mawili ni ya kweli na sina nia ya kuyapunguza. Ila kuna la tatu lisilotajwa mikutanoni, nalo ndilo linalomvunja moyo hata yule mwalimu aliyekwisha kuamua kubaki. Haoni uhusiano wowote baina ya kazi anayoifanya darasani na hatua anazopanda katika utumishi wake. Anayefundisha kwa moyo na anayefundisha kutimiza saa wamo katika foleni moja, na mara nyingi wa pili ndiye anayeitwa kwanza kwa kuwa karatasi zake zimetimia. Naomba nafasi gazetini mwako nieleze foleni hiyo inavyokwenda, inakwama wapi, na ni nani awezaye kuikwamua bila kungoja Nairobi.

Nianze na ngazi yenyewe, maana wazazi wengi, na hata baadhi ya wanabodi wa shule, hawaijui. Tume ya Huduma kwa Walimu, yaani TSC, huwapanga walimu kwa madaraja. Mwalimu wa msingi mwenye cheti cha P1 huanzia B5. Akitumikia miaka 3 na tathmini zake zikiwa nzuri, hupanda C1 bila kuomba nafasi wala kuhojiwa. Njia nyoofu hukomea hapo. Kutoka C1 kwenda C2, daraja la mwalimu mwandamizi, sharti Tume itangaze nafasi, mwalimu aombe, achujwe, ahojiwe, na awashinde wenzake. Juu ya hapo kuna C3, kisha C4 na C5 za unaibu na ukuu wa shule, hadi D1. Mwenzake wa sekondari aliyeingia na shahada huanza C2 na kupanda C3 baada ya miaka 3 bila ushindani; mlango wake wa kwanza wa kubisha ni C4. Zamani mwalimu wa msingi akijisomesha mpaka shahada, cheti hicho kilimpandisha. Mwongozo wa sasa hautoi cheo kwa cheti peke yake, na wako walimu waliokopa benki wakasoma likizo hadi likizo, wakarudi na joho, wakakuta wako pale pale.

Tazama sasa hesabu ya mshahara. Katika jedwali la mwisho la mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021, mshahara wa msingi wa C1 ulianzia shilingi 27,195 na kukomea 33,994. C2 ilianzia 34,955. Viwango vimesogezwa tangu hapo, lakini kanuni ni ile ile: kila daraja lina ukomo, na mwalimu akiufikia, nyongeza yake ya kila mwaka husimama. Ukiacha posho, tofauti baina ya mwisho wa C1 na mwanzo wa C2 ilikuwa shilingi 961. Pesa hizo hazitoshi hata kununulia mafuta ya boti. Basi kwa nini mwalimu aliyekaa C1 miaka mingi ainamishe kichwa akikosa C2 kwa mara nyingine? Kwa sababu anachokikosa ni uthibitisho kwamba kuna mtu ameiona kazi yake, na kwamba mbele yake bado kuna njia.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano waliyofanya na wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh. Waliwauliza ni lini waliipenda kazi yao mno, na ni lini waliichukia. Yaliyowachukiza yalikuwa mshahara, sera za mwajiri, usimamizi mbaya na mazingira. Yaliyowapa ari yalikuwa mengine kabisa: kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana, na kupanda. Wataalamu wameukosoa utafiti ule kwa namna maswali yalivyoulizwa, na kwa mtu anayelala na njaa mshahara ni ari tosha. Hata hivyo unatusaidia kuelewa kitu kimoja hapa kwetu, nacho ni posho ya mazingira magumu.

Lamu imo katika orodha ya maeneo magumu, na posho hiyo hulipwa kwa daraja la mwalimu. Aliyeko Mpeketoni penye barabara na soko, na aliyeko Kiunga au Ndau, wakiwa daraja moja hupata sawasawa. Anayesahihisha madaftari hadi usiku na asiyeyafungua kabisa, vivyo hivyo. Posho humzuia mtu asiondoke, na ni lazima ibaki. Lakini haimwamshi mtu alfajiri kuandaa somo. Viongozi wetu wamepigania posho kwa nguvu zote, na nawashukuru. Upande wa kupanda na kutambuliwa wameuacha kwa bahati.

Mwalimu aliyekata tamaa haachi kuja shuleni. Hilo wazazi walijue, kwa sababu wengi hupima bidii kwa mahudhurio. Huja, hutia sahihi, huingia darasani. Kinachotoweka kwanza ni kazi isiyoonekana katika daftari la mahudhurio: kusahihisha insha sentensi kwa sentensi, kumkalisha kando mtoto asiyesoma, kukagua kazi ya jana kabla ya kuanza ya leo, klabu za jioni. Baadaye andalio la somo huwa nakala ya mwaka uliopita na tarehe mpya juu yake. Mwisho mwalimu huanza kuhesabu. Mwalimu mpya hutakiwa kukaa miaka 5 katika kituo chake cha kwanza kabla ya kuomba uhamisho, na asiyeona njia ya kupanda akiwa hapa huihesabu miaka hiyo kama kifungo. Akiondoka, shule huanza upya na mgeni mwingine, naye huanza hesabu yake.

Foleni hukwama mahali pa kwanza kwenye kukaimu. Katika shule ndogo za Lamu Mashariki, mwalimu mkuu akihamishwa au akistaafu, shule huachiwa mwalimu wa C1 kwa neno la mdomo: "Shika hapo kidogo." Kidogo hicho huenda miaka. Anaendesha shule, anasaini hundi, anapokea wakaguzi, anafundisha vipindi vyake vyote, na siku ya mahojiano anaulizwa: barua yako ya kukaimu iko wapi? Hana. Mbele ya jopo uzoefu ule wote unakuwa maneno matupu, na nafasi inakwenda kwa mtu wa shule kubwa aliyekaimu unaibu mwaka mmoja lakini barua anayo.

Dawa yake haihitaji bajeti. Mwalimu mkuu anayeondoka afanye makabidhiano ya maandishi: daftari la fedha, rejista ya usajili wa wanafunzi, orodha ya mali, muhuri, funguo, na jina la anayepokea pamoja na nambari yake ya TSC na tarehe. Wote wawili watie sahihi mbele ya mwenyekiti wa bodi. Nakala moja ibaki shuleni, moja aichukue anayepokea, moja iende kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo pamoja na ombi la barua rasmi ya kukaimu. Barua isipokuja ndani ya mwezi, bodi iandike tena na kutaja tarehe ya barua ya kwanza. Wenyeviti wengi wa bodi hudhani hili haliwahusu. Linawahusu, kwa sababu mwenye kukaimu bila barua hana mamlaka ya kuwasimamia wenzake, na shule hulegea.

Mahali pa pili ni tathmini ya utendakazi, TPAD, iliyoanza 2016. Ilivyokusudiwa ni kitu kizuri. Kila muhula mwalimu hujiwekea malengo, hujipima, mtathmini wake humkagua na kumwona akifundisha, wanajadiliana, kisha alama huingizwa mtandaoni na mwalimu mkuu huzithibitisha. Alama hizo ndizo mwalimu anazozipeleka anapoomba cheo.

Inavyofanyika ni vingine. Muhula wa pili unaanza mwishoni mwa Aprili na kumalizika karibu na mwanzo wa Agosti, yaani wote umo ndani ya msimu wa upepo wa kusi. Bahari imechafuka, boti za visiwani zinapungua, na mtandao wa Kiwayu, Mkokoni na vijiji vya Basuba ni wa kubahatisha hata hali ya hewa ikiwa shwari. Siku za mwisho za muhula zinapokaribia, walimu hukusanya paswadi zao na kumpa mmoja anayevuka kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, au Mokowe, akae saiba, duka la kompyuta na mtandao, awajazie wote. Huyo ana mchana mmoja kabla boti haijarudi. Hujaza alama zile zile kwa kila mtu, maelezo yale yale, neno kwa neno. Hakuna aliyeonwa akifundisha. Mwalimu hodari na mvivu wametoka na alama moja, na hodari anajua hivyo.

Makosa mengine ni madogo na yanaumiza zaidi kwa sababu hugunduliwa mambo yakiwa yameharibika. Mwalimu mkuu asipobonyeza kuthibitisha, muhula huo huonekana kana kwamba mwalimu hakutathminiwa kabisa. Aliyehamishwa katikati ya muhula hubaki katika orodha ya shule ya zamani mpaka wamwachilie, na shule mpya haiwezi kumjazia. Aliyekwenda likizo ya uzazi huachwa bila maelezo. Nafasi zikitangazwa, mwombaji anatakiwa kuonyesha tathmini za mihula iliyotajwa. Anafungua ukurasa, anakuta pengo la miaka miwili nyuma, na aliyekuwa mwalimu mkuu wake yuko kaunti nyingine au amestaafu.

Ushauri wangu kwa walimu wakuu ni kuyatenganisha mambo mawili: kumwona mwalimu akifundisha, na kujaza fomu. La kwanza ndilo kazi, na halihitaji mtandao. Kipindi cha Gredi ya 1 hadi 3 ni dakika 30, cha Gredi ya 4 hadi 6 ni dakika 35, na cha sekondari msingi ni dakika 40. Shule yenye walimu 8, mkuu na naibu wake wakigawana na kuona kipindi kimoja kwa wiki kila mmoja, kila mwalimu ameonwa kabla ya nusu ya muhula. Muhula wa tatu ni mfupi, hivyo waanze wiki ya pili. Mwambie mwalimu siku moja kabla. Tazama azimio la kazi na andalio la somo, kaa nyuma kipindi kizima, usimkatize mbele ya watoto. Siku hiyo hiyo kaeni pamoja dakika 15: mambo mawili aliyoyafanya vizuri, jambo moja la kurekebisha, na tarehe ya kulirudia. Yaandikwe kwenye karatasi, wote wawili mtie sahihi, mwalimu abaki na nakala.

Karatasi hiyo ndiyo roho ya tathmini. Anayekwenda saiba sasa anakwenda na kitu cha kunakili, hatungi. Ajaze wiki tatu kabla ya mwisho wa muhula, si siku tatu. Na kila mwalimu achape ripoti yake iliyokwisha kuthibitishwa, aitie kwenye jalada lake pamoja na barua ya kuajiriwa, barua ya cheo cha mwisho, cheti cha usajili, vyeti vya masomo, na barua za kukaimu. Jalada la plastiki, kwa sababu ya unyevu wetu wa pwani. Karatasi zilizofungiwa kabatini Pate au Siyu hushikamana kwa ukungu baada ya masika mawili.

Aliyejua ya kwamba alama yake ya juu imetokana na kipindi ambacho mtu alikaa akakitazama, ataongeza bidii. Aliyepata alama hiyo hiyo kwa kunakiliwa, hata ikiwa ya juu, haimwambii kitu.

Kuhusu matangazo ya nafasi nitasema machache tu. Hutoka mtandaoni, hukaa muda mfupi, na walimu wa mbali huyasikia kwa tetesi. Maafisa wasaidizi wa mtaala huzunguka shuleni na wana makundi ya WhatsApp. Tangazo likitoka, walitume siku hiyo pamoja na idadi ya nafasi zilizopewa Lamu kwa kila daraja, na wawapigie simu wakuu wa shule zisizo na mtandao.

Sasa nije kwenye shukrani, ambayo watu huichukulia kuwa ni jambo la adabu tu. Amu ni mji unaojua kumtukuza mwalimu. Mtoto akikutana njiani na mwalimu wake wa chuo, yaani wa madrasa, humbusu mkono, akiwa mtu mzima mwenye ndevu vilevile. Maulidi ya hapa, yanayovuta wageni kutoka pwani nzima na nje yake, hayatengani na jina la Habib Swaleh na msikiti wa Riyadha, na alikuwa mwalimu. Mwalimu wa shule ya serikali hapati hata salamu ya namna hiyo. Akitoka bara huitwa mgeni miaka kumi, na huonana na wazazi siku ya kulaumiwa kwa matokeo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wengi wa hao waliendelea kufundisha tulipokuwa katika hofu kubwa baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014.

Shukrani zinazotolewa siku ya kufunga shule nazo zina kasoro. Zawadi moja ya aina moja kwa kila mtu, thermos au kanga, ni ukarimu, lakini haimtambui yeyote. Zawadi kwa walimu wa darasa la mtihani pekee ni mbaya zaidi. Mtoto anayefaulu Gredi ya 6 alifundishwa kusoma na mwalimu wa Gredi ya 1 na ya 2, na huyo hukaa kwenye kiti cha nyuma akipigia wengine makofi mwaka baada ya mwaka. Ukitaka kujua kwa nini walimu wazuri hukimbia madarasa ya chini, anzia hapo.

Shukrani yenye maana hutaja kazi. Bodi iandike barua fupi yenye jina la mwalimu, alichofanya, lini, na kilichobadilika. Kwa mfano: "Muhula wa pili, mwalimu wa Gredi ya 3 aliwatenga wanafunzi 11 wasioweza kusoma sentensi, akawafundisha kila siku kabla ya mapumziko ya saa nne; kufikia mwisho wa muhula 8 kati yao walisoma aya nzima." Isomwe mbele ya wazazi, nakala iingie jaladani, nakala iende ofisi ya TSC ya kaunti. Barua kama hiyo itampa mwalimu cha kusema mbele ya jopo akiulizwa mchango wake. Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa shule ya kutwa ya Keriko huko Nakuru, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani ya dola milioni 1. Shule yake haikuwa na fahari ya majengo. Kazi yake ilikuwa imeandikwa na kuonyeshwa. Siamini kwamba Faza na Kizingitini hazina walimu wa kusimuliwa. Tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, ingefaa kuwa siku ya kusoma barua hizi katika kila shule.

Wako watakaosema kwamba idadi ya vyeo huamuliwa na bajeti ya Tume, na makaratasi hayawezi kuzaa nafasi. Ni kweli. Ndiyo maana vyama vyetu vya walimu, KNUT na KUPPET, vinastahili kudai mezani kwamba mwalimu wa C1 mwenye tathmini safi apande C2 baada ya muda uliowekwa, kama anavyopanda kutoka B5. Ni dai la haki, kwa sababu kumwacha mwalimu miaka mingi katika daraja alilolifikia akiwa na uzoefu wa miaka 3 ni kumwambia kwamba yaliyofuata hayakuhesabiwa. Walimu vibarua wa sekondari msingi, wanaolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, hawajaifikia hata ngazi ya kwanza, na kwa hao jambo la kwanza ni ajira ya kudumu. Cheo ni mazungumzo ya baadaye. Lakini nafasi chache zinazotufikia Lamu tusizipoteze kwa barua isiyoandikwa na kitufe kisichobonyezwa.

Kwa hivyo naiomba ofisi ya TSC ya kaunti mambo mawili. Kwanza, shule za visiwani na za Basuba ziongezewe wiki mbili za kujaza tathmini ya muhula wa pili, kwa sababu ya kusi. Pili, kila baada ya zoezi la kupandisha vyeo ibandike ubaoni idadi ya nafasi zilizotolewa, walioomba, walioitwa, na sababu zilizowaangusha wengine, bila kutaja majina, ili walimu wajue cha kurekebisha. Nawe Mhariri, nakuomba matangazo ya nafasi hizo yakitoka uyachapishe kwa Kiswahili, pamoja na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi. Gazeti hufika Kizingitini siku ambazo mtandao haufiki.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu